Herufi H Chini ya Kidole

Nilishuka Mbezi alasiri moja nikitokea Morogoro, begi begani, fimbo nyeupe mkononi. Basi lilikuwa bado linanguruma nyuma yangu simu ilipotetemeka. Nikaileta sikioni. Simu ile haikuwa na sauti ya Kiswahili, ilikuwa na ya Kiingereza tu, na ilisoma lugha yetu kama mgeni aliyeshikishwa karatasi asiyojua imeandikwa nini. Nilichosikia ni hiki: "Mjomba atakuja kukupokea." Nikatafuta benchi, nikakaa, nikamsubiri mjomba hadi adhana ya magharibi.

Ujumbe ulioandikwa ulikuwa "Mjomba hatakuja kukupokea." Binamu yangu alikuwa ameongeza na sentensi ya pili, kwamba nichukue bajaji hadi Kimara na yeye atailipia nikifika. Hiyo sikuisikia kabisa kwa kelele za wapiga debe.

Kwa nukta nundu, maandishi yetu wasioona yanayosomwa kwa kidole, "hatakuja" huanza na h, yaani nukta ya 1, ya 2 na ya 5. "Atakuja" huanza na a, nukta ya 1 peke yake. Kidole kilichofundishwa hakizichanganyi hata kikiwa kimechoka. Sikio huzichanganya, tena si sikio la asiyeona peke yake, maana hata sisi wenye lugha tukizungumza haraka h hiyo humezwa. Siku ile ndipo nilipoamua kwamba nitatafuta mashine ya nukta nundu kwa njia yoyote.

Niliipata miaka miwili baadaye, kutoka kwa rafiki aliyesoma Uingereza na kununuliwa mashine hiyo huko ikiwa mpya. Ilikuwa imeshatumika, kifuniko chake kimelegea kona moja. Wenyewe tunaziita notiteka, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandikia noti darasani. Yangu ni ndogo, inaenea kwenye mkoba wa kawaida. Juu ina vitufe vya kuandikia, na kwenye ukingo wa mbele kuna mstari wa seli 18, yaani nafasi 18 za herufi. Kila seli ina pini nane ndogo zinazopanda na kushuka. Ukimaliza mstari unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, pini zinajipanga upya, unaendelea. Chini ya kila pini kuna kipande chembamba kinachopinda kikipata umeme wa volti karibu 200, kwa mkondo mdogo mno usioweza kumdhuru mtu. Zidisha pini nane kwa seli 18 na utaelewa kwa nini vyombo hivi ni ghali: kila nukta ni mtambo wake.

Vitufe havikunipa shida hata dakika moja. Nilijifunza nukta nundu Irente, Lushoto, mahali ambapo asubuhi za Juni na Julai baridi ya Usambara huvifanya vidole visisome. Tulikuwa tunavibana kwapani kwanza, kisha tunafungua vitabu. Tulianza na sleti na stailasi, yaani fremu yenye vijidirisha na kisindano chake, ukidunga karatasi kutoka kulia kwenda kushoto ili ukiigeuza isomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu ukapandishwa cheo, ukapewa Perkins. Mashine ile aliibuni David Abraham, na Shule ya Wasioona ya Perkins kule Massachusetts ilianza kuitengeneza mwaka 1951. Ina uzito wa karibu kilo 5 na kengele inayolia mstari ukikaribia kuisha. Ina vitufe sita vya nukta, na cha nafasi katikati. Notiteka imeufuata mpangilio uleule, kwa hiyo usiku wa kwanza tu nilikuwa ninaandika kama ninavyozungumza.

Kitu nilichokuwa nimekikosa kwa miaka yote ya simu za kuongea nilikijua vizuri usiku uleule. Nilikuwa nimesahau kusoma. Nilikuwa ninasomewa. Kiswahili chenyewe kinavitenganisha vitendo hivi viwili kwa silabi moja tu, na mwalimu wa Kiswahili kama mimi alipaswa kulijua hilo mapema. Anayesomewa hupokea kasi ya msomaji, kosa la msomaji na lafudhi ya msomaji. Anayesoma hurudi nyuma akitaka, husimama katikati ya neno, hukaa juu ya herufi moja mpaka aridhike.

Nao ni utamu wa pekee kusoma Kiswahili kwa mstari mfupi. Vitenzi vyetu ni virefu. Neno "tutakapowasiliana" lina herufi 17, kwa hiyo kwenye mashine yangu linakula mstari mzima isipokuwa seli moja. Wengine hulalamikia hilo. Mimi nimelipenda. Kidole kinakutana kwanza na tu, kikajua ni sisi. Kisha taka na po, kikajua ni wakati ujao na ni pale litakapotokea. Mzizi uko mbele bado. Neno linajifunua kwa mpangilio uleule ambao mwenye kulitunga aliliunda, kiambishi kwa kiambishi, na ninapofundisha uchambuzi wa vitenzi Kidato cha Pili ninatumia mifano ambayo vidole vyangu vilinionyesha.

Ila kabla ya utamu huo nilipitia mwezi wa taabu, na nataka nieleze vizuri maana naona wengi wanakwamia hapo hapo. Nukta nundu za Kiingereza zina vifupisho. Neno "and" lote ni seli moja. Vivyo hivyo sh, th, ar, en, in na ing zina seli zake. Tena herufi ikisimama peke yake inageuka neno zima: b ni "but", y ni "you", u ni "us". Mashine nyingi zikitoka kiwandani zimewekwa hivyo. Basi mimi nikamwandikia rafiki yangu wa Iringa "U hali gani?" na kilichomfikia ni "Us hali gani?" Nikaandika jina la ukoo linaloanza na Al iliyosimama peke yake, ikawa "Also". Kusoma nako kulikuwa vivyo hivyo. "Andika" ilinijia na seli ya "and" mbele halafu ika. "Nyingine" ilinijia kwa seli tano: n, y, ing, in, e. Ilisomeka, lakini ilikuwa ni Kiswahili kilichovalishwa koti la mtu mwingine.

Nina marafiki wanaoendelea na vifupisho hivyo makusudi kwa sababu vinaokoa seli, na mstari mfupi ni mstari mfupi. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuiva katika tahajia sioni ubaya. Kwa mwanafunzi sikubali. Mtoto anayesoma "nyingine" kwa seli tano hajakutana na herufi nane za neno hilo, na atakapoandika mtihani atakuwa anabahatisha. Lugha yetu imejaaliwa alfabeti isiyo na herufi zenye alama juu, na ritifaa ya ng'ombe ni nukta ya 3 tu. Weka mashine kwenye nukta nundu zisizofupishwa, na Kiswahili chote kinapita bila kupotea hata herufi.

Kwenye kompyuta mambo ni mazuri zaidi. Ninatumia NVDA, kisoma-skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, naye haoni. Ndani yake kuna programu iitwayo Liblouis, iliyopewa jina hilo kwa heshima ya Louis Braille, aliyebuni nukta nundu, na ambayo kazi yake ni kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu na kuyarudisha. Ilianzishwa 2002 na John Boyer, ambaye pia alikuwa haoni. Katika orodha yake ya lugha siku hizi kuna Kiswahili cha Kenya. Nilipokikuta mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda. Wakenya wao husema breli, sisi nukta nundu, lakini kazi hiyo mtu fulani aliifanya, akakaa akaandika kanuni zake mstari kwa mstari, nami Morogoro ninazitumia kila siku ya kazi.

Siku yangu inakwenda hivi. Notiteka ina programu zake za barua pepe na tovuti, ila ni za zamani, na tovuti za leo hazifungui. Kwa hiyo ninaiunganisha na simu kwa Bluetooth. Kisoma-skrini cha simu kinapeleka maneno kwenye seli badala ya spika, na ninachoandika kwa vitufe vya nukta kinaingia kwenye simu. Nafasi pamoja na nukta ya 4 inanipeleka mbele, nafasi pamoja na nukta ya 1 inanirudisha nyuma. Nafasi pamoja na h inanipeleka skrini ya mwanzo. Simu yenyewe iko ndani ya mkoba. Kioo nimekizima, sauti nimeizima. Darasani mashine iko mezani na maandalio ya somo yamo humo, majina ya wanafunzi yamo humo, na ninaita mahudhurio macho ya wanafunzi yakiwa kwangu na vidole vyangu vikiwa kwao. Mwalimu mwenye kifaa cha sauti hawezi kusikiliza orodha na kusikiliza darasa kwa wakati mmoja. Nimejaribu.

Binamu yangu aliniuliza zamani, "Dada, si uvae tu spika za masikioni?" Nikamwambia masikio yangu ndiyo yanayovuka barabara.

Kuna mahali pengine ambapo spika za masikioni haziingii. Mwaka juzi tulifiwa nyumbani. Nilikaa mkekani na akina mama, kanga juu ya magoti, na kikundi cha WhatsApp cha ukoo kilikuwa kinajaa: nani yuko njiani, mchango umefikia kiasi gani, gari la kwenda makaburini linatoka saa ngapi. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika daftari la michango. Simu kuongea kwa sauti ya mashine katikati ya kilio ni jambo lisilofaa, na mtu aliyeziba masikio msibani anaonekana hayupo. Mashine ilikuwa mapajani, chini ya kanga. Nilisoma, nikaandika, nikajibu. Mama mkubwa aliyekuwa pembeni yangu aliona mikono inatembea akaninong'oneza, "Mwanangu, unachambua nini humo?"

"Nasoma, mama mkubwa. Watu wa Tanga wameshapita Chalinze."

Alinyamaza kidogo. Kisha akatia mkono wake chini ya kanga, akaziguza pini. Nikabonyeza kitufe cha mstari ili azisikie zikipanda. Akaacha kidole chake pale mpaka mtu alipomwita.

Na fedha. Miaka mingi nimepanda daladala nikiomba Mungu mtu asinitumie hela nikiwa ndani, maana simu ingetangaza kwa abiria wote kiasi nilichopokea na salio lililobaki. Namba ya siri nayo ilikuwa hivyo hivyo, inatamkwa tarakimu kwa tarakimu. Sasa ujumbe wa M-Pesa unapita chini ya kidole changu na hakuna anayeujua. Wanaoona wanaipata haki hiyo kila wanapogeuza kioo cha simu kidogo upande wao.

Sitasema kwamba kila kinachopita mtandaoni kinaingia kwenye seli 18. Vikaragosi vya hisia hunijia kama maelezo. Uso mmoja wa kucheka unaweza kunichukulia mistari miwili, na kuna ndugu anayeweka sita mfululizo, kwa hiyo ninabonyeza kidole gumba mara kumi na mbili kabla sijafika kwenye habari. Kadi za harusi na matangazo ya vikao huja kama picha, na kwangu picha ni neno "picha". Niliwaandikia ukoo mzima: jamani, mkituma kadi, andikeni chini yake siku, mahali na saa. Walianza vijana, siku hizi hata wazee wanafanya. Mama mdogo wangu yeye hutuma ujumbe wa sauti tu, kwa kuwa shule aliiacha mapema, na kwa huyo ninafungua spika kwa furaha. Ana kikohozi kidogo kabla ya kutaja jina langu. Hakuna seli itakayonipa hicho.

Mtu aliyenifundisha ukubwa wa chombo hiki ni Haben Girma, mwanasheria wa Marekani mwenye asili ya Eritrea na Ethiopia, ambaye haoni na hasikii. Mwaka 2013 alihitimu sheria Harvard, mtu wa kwanza mwenye hali hiyo kufanya hivyo pale. Anapokutana na mtu humpa kibodi ya kawaida iliyounganishwa na notiteka yake. Mtu anaandika, maneno yanapanda kama nukta, naye anajibu kwa sauti yake mwenyewe. Mwaka 2015 aliyeandika kwenye kibodi hiyo Ikulu ya Marekani alikuwa Rais Barack Obama. Mimi ninasikia, nikipoteza mashine leo nitarudi kwenye sauti, nikinung'unika. Mtu asiyeona na asiyesikia akiikosa, mazungumzo yote yanabaki kwa watu walio karibu kiasi cha kumshika mkono. Ninapofikiria hilo bei yake inanikera zaidi.

Kwa bei iko hivi. Notiteka kamili mpya, zenye Android ndani na seli 32, huuzwa zaidi ya dola 5,000 za Marekani. Mwalimu wa shule haifikii bei hiyo, na mzazi wa mtoto wa kijijini asithubutu hata kuitaja. Mwaka 2016 ilitangazwa Orbit Reader 20, ya seli 20, kwa lengo la kuuzwa karibu dola 500, kazi ya mashirika ya wasioona ya nchi mbalimbali yaliyoungana ili kuitoa bei pale ilipokwama. Haina mambo mengi: inasoma mafaili kutoka kwenye kadi, inaandika noti, inaungana na simu. Hayo yanatosha. Kilimanjaro Blind Trust Africa, yenye makao Nairobi, imezifikisha kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki. Kadi moja ndogo inabeba vitabu ambavyo tukiwa Irente vingejaza kabati, maana kitabu kimoja cha karatasi cha nukta nundu kilikuwa kinagawanywa majuzuu kadhaa na juzuu la katikati ndilo lililopotea siku zote.

Kuhusu uzee wa vyombo nina la kusema pia. Rafiki yangu mwanasheria alijinyima miaka akanunua mashine kubwa. Baada ya muda mfumo wake ukawa hauhuishwi tena, programu za ujumbe zikaanza kumkatalia moja moja, na mtambo mzima, wenye seli nzima na betri nzima, ukabaki daftari la gharama kubwa. Yangu iliokolewa na watu nisiowajua. Kuna programu huria iitwayo BRLTTY, iliyoanza 1995, ambayo imeendelea kujifunza kuzungumza na vyombo vya nukta nundu vya kila aina, vikiwemo vilivyokwisha kuachwa na viwanda vyake, na simu za Android zinaitumia kwa ndani. Vifaa vipya vina afadhali. Mwaka 2018 Apple, Google na Microsoft zilikubaliana na wenzao kiwango kimoja cha kuunganisha vyombo hivi, ili kifaa kichomekwe tu na kijulikane. Laiti kingekuja miaka kumi kabla.

Mashine yangu sasa ina ugonjwa mmoja. Seli ya 11 imepoteza nukta ya 3, ile ya tatu kutoka juu upande wa kushoto. Haipandi. Nimesafisha, nimepuliza vumbi, nimenawa mikono mara mbili kabla ya kuigusa kama ninavyofanya siku zote, haipandi. Kuipeleka ng'ambo kutengenezwa kunagharimu karibu thamani ya mashine yenyewe, na hapa nchini sijapata fundi wa seli hizi. Basi nimejifunza kuishi nayo. Neno likipita pale, l inasomeka b, n inasomeka d, t inasomeka j. Nada inakuwa dada. Tibu inakuwa jibu. Nikiona sentensi imepinda ninasogeza mstari kidogo, neno lihamie seli nyingine, linanyooka.

Shuleni kwangu kuna binti wa Kidato cha Kwanza asiyeona. Alikuja akiwa amezoea simu ya kuongea tu, na kwenye karatasi aliandika "alafu" na "adithi" kwa sababu ndivyo alivyosikia. Nukta anazijua tangu shule ya msingi, ila alikuwa amezipa likizo ndefu. Nilianza kumwachia mashine yangu jioni baada ya vipindi, simu ikiwa mkobani na sauti imezimwa, ili awasiliane na nyumbani kwa kidole.

Siku ya kufunga shule alikuwa anamalizia kufungasha. Kaka yake alikuwa ametoka Kilosa kuja kumchukua, na ujumbe wake uliingia kwenye simu yangu. Nikamsogezea binti mashine. Akaweka vidole viwili juu ya mstari, akasoma kwa sauti ndogo, polepole.

"Nasubiri... joka."

Akasimama. Sikumwambia kitu. Akabonyeza mbele, akakuta "asubuhi", akarudi nyuma, akahesabu seli kwa ncha ya kidole kutoka mwanzo, alama ya herufi kubwa ikiwemo, mpaka akafika pale.

"Mwalimu, hii si j. Nukta ya tatu imelala. Ni toka. Nasubiri toka asubuhi." Akaivuta mashine karibu zaidi, akaanza kumwandikia kaka yake jibu.